Dashibodi kwenye kasualti: saa ianze kuhesabu wapi?

Mwanzilishi wa mada, Kisumu
Wenzangu wa Kisumu na Nakuru, hospitali zetu za kaunti ziwekewe dashibodi kwenye idara ya dharura, ile skrini inayoonyesha nani anasubiri, tangu saa ngapi, na ana hali gani? Mimi nasema ziwekwe. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na kuachwa kwenye benchi bila yeyote kujua uko pale ni kunyimwa.

Mwaka jana nilimpeleka mama hospitali fulani, pumzi zinamkatika. Tulifika saa mbili usiku. Karani akamwandika daftarini saa tatu na nusu, daktari akamwona saa nne kasorobo. Kwa rekodi zao, mama alisubiri dakika 15. Ile saa moja na nusu niliyompepea kwa leso haimo popote.

Nesi wa zamu ya usiku, Nakuru
Pole sana kwa mama. Lakini kisa chako ndicho kinanifanya nisite. Skrini ingesoma zile zile dakika 15, kwa sababu haijijazi yenyewe. Anayejaza ni mimi, mkono mmoja umeshika dripu.

Halafu tuangalie Uingereza. Kufikia 2004 walitaka wagonjwa 98 kati ya 100 wasipitishe muda wa saa nne ndani ya idara ya dharura. Ikaonekana wengi wanatolewa dakika za mwisho mwisho, muda ukikaribia kuisha. Mkubwa akikupima kwa namba, unaanza kuihudumia namba.

Mwanzilishi wa mada
Ni kweli, sista, ila huko huko kusubiri kulipungua pia, tusilifiche hilo. Ombi langu: saa ianzie getini. Askari ampe kila anayeingia kadi iliyogongwa muda wa kufika, na muda huo ndio uingie kwenye skrini, pamoja na rangi ya uzito wa hali yake: nyekundu, njano au kijani. Na skrini hiyo hiyo ionyeshe manesi wangapi wako zamu na kama oksijeni ipo, kaunti nayo ipimwe. Hapo ungejaza?

Nesi wa zamu ya usiku
Ikionyesha kwamba usiku tulikuwa wawili kwa wagonjwa 40, nitaijaza hata nikiwa nimesimama. Ila nileteeni kwanza mtu wa tatu.