Wabunge wakishachukua maoni ya wakulima, walazimishwe kurudi na majibu?

Mwanzisha mada

Wenzangu wa ukanda wa miwa na kwingineko, naomba tujadili jambo moja tu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 118, inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi yake. Hilo limeshakubalika. Mimi nauliza kinachofuata baada ya hema la kikao cha maoni kung'olewa.

Mkulima amesimama akaeleza kuhusu mizani ya kiwanda, malipo yanayochelewa, miwa inayokaukia shambani ikingoja trekta. Karani ameandika, magari yameondoka. Miezi ikapita, kisha akasikia redioni kwamba sheria imetiwa sahihi. Aliyoyasema yaliingia? Yalitupwa? Kwa nini?

Mahakama zetu zimelivuta swali hili huku na huku. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliiharamisha Sheria ya Fedha ya 2023, na mojawapo ya sababu ni kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikubali maoni haya na kukataa yale. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaipindua hukumu hiyo: kutoa sababu ni jambo jema, lakini sheria haikulilazimisha Bunge kufanya hivyo. Siku tatu baadaye, Novemba 1, Mswada wa Sukari ukatiwa sahihi. Sisemi mambo haya mawili yana uhusiano. Nasema tu wakulima wa miwa walipata sheria mpya katika wiki ileile Bunge lilipoambiwa halidaiwi maelezo.

Msimamo wangu: lidaiwe. Kamati irudi palepale ilipochukua maoni, kwa lugha ya pale, iseme hili tumelichukua, lile tumeliacha kwa sababu hii. Na irudi kabla ya mswada kusomwa mara ya tatu, wakati bado kuna kitu cha kubadilisha.

Mkulima, Bungoma

Ndugu, nia yako njema lakini utatuchelewesha. Sheria ya Sukari ya 2001 ilifutwa na Sheria ya Mazao ya 2013, Bodi ya Sukari ikamezwa na mamlaka moja ya mazao yote. Kuirudisha kumetuchukua mpaka 2024. Hiyo ni miaka kumi na moja ya miswada, vikao na ahadi za kampeni! Sasa tumepata bodi, na sheria inaruhusu ushuru wa hadi asilimia 4 kwenye sukari, sehemu kubwa yake iende kwenye kuendeleza miwa yenyewe. Wewe unataka kamati izunguke tena mara ya pili?

Miwa yangu hukaa shambani mwaka mmoja na nusu. Mwaka 2023 viwanda vilisimamishwa kusaga kwa miezi kadhaa kwa sababu iliyokuwa imebaki ni miwa michanga. Mtu aliyepitia hapo hana hamu ya kikao kingine.

Mama mkulima, Malava

Mnabishana kuhusu kurudi, na mimi hata mara ya kwanza hawakunifikia. Mkataba na kiwanda una jina la mzee. Barua za kikao zinafuata jina la mkataba. Kikao kinaitwa saa nne asubuhi, ukumbini kwenye makao ya kaunti ndogo, nauli ni yako, na siku hiyo mimi ndiye niliye shambani napalilia miwa ambayo wengine wamekwenda kuizungumzia. Waliohudhuria ni wale wanaume tunaowajua, wa kila mkutano.

Kwa hiyo majibu yatarudishwa kwa nani? Kwa haohao? Kama mnataka kurekebisha, anzeni na mahali. Leteni kikao kwenye baraza la chifu, au sokoni siku ya soko baada ya saa nane. Na vipengele visomwe kwa sauti, kwa lugha tunayoelewa. Mswada umechapishwa kwa Kiingereza, tangazo liko gazetini kwa Kiingereza, halafu mnasema wakulima hawakujitokeza.

Niliwahi kuwa karani wa vikao kama hivi

Niwape upande wa pili wa meza. Maoni huja mafungu kwa mafungu, na mengi ni aya ileile iliyonakiliwa, majina tu ndiyo yamebadilishwa. Kuna vikao ambavyo nusu ya ukumbi imeletwa kwa basi moja na imefundishwa cha kusema njiani. Ukisema kila mmoja ajibiwe, utawajibu waliolipiwa nauli kwanza, maana ndio wengi.

Isitoshe, si kweli kwamba kamati haijibu. Katika ripoti inayopelekwa bungeni huwa kuna jedwali: kipengele, pendekezo, aliyelitoa, na uamuzi wa kamati. Kazi hiyo hufanywa. Hakuna anayesoma, basi.

Mwanzisha mada

Karani, umenimalizia kazi. Kama jedwali lipo, gharama iliyobaki ni kulitafsiri, kulichapisha na kulibandika kwenye ofisi ya chifu. Ndugu wa Bungoma, hapo hakuna msimu utakaopotea.

Kuhusu waliolipiwa nauli: sababu ndizo zinazowatenganisha. Hoja mia zinazofanana zinajibiwa kwa mstari mmoja. Lakini chukueni suala la kugawa maeneo ya miwa, kila kiwanda kiwe na eneo lake la kununua. Kiwanda kilichomlimia mkulima shamba na kumkopesha mbolea kinalia miwa ikivunwa usiku ikauzwa kwa mshindani. Mkulima asiye na mkopo wowote naye anaona akifungiwa kwenye eneo moja, mnunuzi atapanga bei anavyotaka. Wote wawili wana haki ya kulalamika na haiwezekani wote wapewe walichoomba. Bunge lazima lichague. Hapo ndipo nataka kusikia: tuliupima upande huu, tukaupima ule, tukaamua hivi kwa sababu hizi. Nikikosa hayo nitajijazia mwenyewe, na nitakachojijazia ni kwamba wenye viwanda walimwona mtu.

Mama wa Malava, sikujibu kwa sababu umesema kweli. Nilianzia mwisho wa safari.

Mchangiaji, Machakos

Mnawaamini wabunge kuliko mimi. Huku kwetu jibu lilitoka kortini. Marekebisho ya 2012 kwenye sheria ya mbegu yalimweka mkulima kwenye hatari ya kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja kwa kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa. Yaani nyanya yangu na ndengu zake za kila mwaka. Wakulima 15 walikwenda Mahakama Kuu hapa Machakos mwaka 2022, na Novemba 2025 wakashinda. Jibu la kubandikwa ukutani lingewasaidia nini hao? Wangeelezwa vizuri sana kwa nini watafungwa.

Mkulima, Bungoma

Wa Machakos, hao 15 walikuwa na mawakili. Mimi nina ekari mbili.

Karani, jedwali la Mswada wa Sukari liko wapi? Bado sitaki kikao kingine, lakini hilo nitalisoma.

Niliwahi kuwa karani wa vikao kama hivi

Tovuti ya Bunge, ingia kwenye kamati, kisha Kilimo na Mifugo, kisha ripoti. Tafuta kwa jina la Kiingereza la mswada. Ni ndefu, jedwali huwa nyuma kabisa.

Mama mkulima, Malava

Ukilipata, lilete hapa kipengele kwa kipengele, kwa Kiswahili. Anza na mizani.