Mzee si baba yangu. Naweza kumwomba anisimamie kwenye posa?

Fundi Friji: Wakubwa shikamooni. Nina miaka 33. Baba alifariki nikiwa darasa la tano huko Kasulu, mama akafuata 2011. Mwaka uliofuata nikaja Dar.

Kuna mzee fundi cherehani, Tandika. Miaka sita iliyopita nilimtengenezea friji, gesi ilikuwa inavuja. Hela ikampungukia, akaniambia njoo Jumapili umalizie. Nikaenda, nikakuta ubwabwa na samaki, hela hakuna. Jumapili ya pili vilevile. Mpaka leo hajanilipa, na sitaki anilipe, maana nitakuwa naenda kwa kisingizio gani? Nikichelewa mama, mke wa mzee, ananifunikia sahani kwa kawa, na kichwa cha changu mzee haruhusu mtu akiguse. Mwaka jana nililazwa siku nne. Nesi alipouliza ndugu wa mgonjwa, mzee alishasimama.

Sasa nataka kupeleka barua Muheza, wakwe wanauliza wazee wangu ni nani. Nina baba mdogo Kasulu, tunaongea Idi kwa Idi. Nimwombe mzee akae nafasi ya baba? Naogopa wanawe. Mkubwa alishanirushia: "Wewe fundi, hiyo friji bado haijapona tu?"

Binti wa Muheza: 😂 Hilo la friji! Anza na mama. Nenda katikati ya wiki, akikuona siku isiyo yako atajua una jambo.

Babu Kahawa: Baba mdogo usimruke, mwanangu. Mpigie kwanza, umwombe yeye amkabidhi mzee hiyo kazi kwa kuwa yuko mbali. Akisikia kwa watu kwamba umeoa, hutasahau.

Kijana wa Mbagala: Huyo mkubwa anawaza nyumba, tusizunguke. Kuasili kwa sheria ni kwa mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema chini ya miaka 18. Wewe una ndevu, urithi haukuhusu. Mwambie hivyo hivyo, halafu mwombe awe mshenga wako. Mtu ukishambebesha barua hawezi kukununia.

Fundi Friji: Mrejesho. Baba mdogo kakubali, kalia kidogo kwenye simu. Leo Jumatano nimeenda Tandika. Mzee kanitazama: "Friji ya nani imeharibika?" Nikamweleza yote. Hakunijibu. Kavua futi shingoni, kaniambia simama, kaanza kunipima mabega. Kanzu.