Ulimi unaenda kulia, paji la uso halijaguswa: tatizo liko wapi?

Mwanagenzi_wa_usemi
Habari zenu wakuu. Kuna zoezi la neva za fuvu (zile zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo) linanichanganya. Mgonjwa ana disathria, yaani matamshi mabovu kwa sababu misuli ya usemi haifanyi kazi vizuri. Mdomo umelegea kulia, lakini paji la uso linakunja vizuri pande zote. Akitoa ulimi, unaelekea kulia. Jibu ni kiharusi upande wa kushoto wa ubongo. Kwa nini paji limesalimika? Na kwa nini wanasema kimio (kinyama kinachoning'inia kwenye kaakaa laini, nyuma ya kinywa) hakifuati kanuni ya ulimi?

Neva12
Anza kwa kutenganisha nyuroni za mwendo za juu na za chini. Ya juu hutoka kwenye gamba la ubongo hadi kiini cha neva ndani ya shina la ubongo. Ya chini hutoka kwenye kiini hicho hadi kwenye msuli. Viini vingi vya usemi hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo upande mmoja ukiharibika, mwingine unaendelea kuvihudumia. Paji la uso limo kwenye kundi hilo. Uso wa chini hutegemea zaidi upande wa pili wa ubongo, na ulimi mara nyingi vilevile. Ndiyo maana kiharusi cha kushoto kimelegeza mdomo wa kulia na kuacha paji.

Neva ya 7, ile ya misuli ya uso, yenyewe ikiumia, uso mzima wa upande uleule hulegea: paji halikunji, jicho halifungi.

Tahadhari lakini: kiharusi kwenye shina la ubongo kinaweza kugusa kiini cha neva ya 7 na kulegeza paji pia. Uso ukilegea ghafla, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, paji likunje lisikunje.

Ulimi na kimio vinatofautiana kwa sababu ulimi husukumwa, kimio huvutwa. Msuli wa jenioglosi wa kushoto husukuma ulimi mbele na kuuelekeza kulia. Wa kulia ukidhoofika, hakuna wa kuurudisha katikati. Kaakaa laini huinuliwa kwa kuvutwa, kwa hiyo upande wenye nguvu hukivutia kimio kwake. Ulimi huonyesha upande dhaifu, kimio huonyesha upande wenye nguvu.

Kaakaa_laini
Naongeza kosa linalorudiwa sana. Mdomo ukiwa umepinda, ulimi ulionyooka huonekana umepinda. Inua pembe ya mdomo iliyolegea kwa kidole chenye glavu, kisha linganisha ncha ya ulimi na mstari wa katikati ya pua. Tazama pia ulimi ukiwa umetulia ndani ya kinywa: ukisinyaa upande mmoja na kutetemeka vitetemo vidogo, fikiria neva ya 12, ile ya ulimi. Kusinyaa huchukua wiki kadhaa, hivyo kutokuwepo siku za mwanzo hakuthibitishi kitu.

Mwanagenzi_wa_usemi
Asanteni sana, sasa nimeelewa. Kaakaa nitalipimaje kwa Kiswahili?

Kaakaa_laini
Chagua maneno yasiyo na sauti za puani. Mbuzi, ndizi na ng'ombe hayafai, maana hata mtu mzima wa afya hupitisha hewa puani akiyatamka. Tumia "Baba alipika pilau". Aseme mara moja pua ikiwa wazi, mara ya pili ukiwa umeibana. Sauti ikibadilika, hewa inavujia puani. Uvujaji ukiwa mkubwa, "baba" husikika karibu na "mama". Hakikisha kwanza hana mafua, kwani pua iliyoziba huficha uvujaji.

Neva12
Halafu mpe "pa-pa-pa", "ta-ta-ta" na "ka-ka-ka", kila moja kwa pumzi moja. Mtu mzima hufika takriban silabi 5 hadi 7 kwa sekunde, "ka" ikiwa nyuma kidogo. "Pa" ikiharibika peke yake, shuku midomo. "Ta", ncha ya ulimi. "Ka", sehemu yake ya nyuma. Usikimbilie kasi tu, sikiliza kama mdundo ni sawasawa. Usemi ukianza vizuri kisha ukafifia, mwambie ahesabu 1 hadi 100 bila kupumzika. Akizidi kuongelea puani, halafu akapata nafuu baada ya kupumzika, mashaka yahamie mahali neva inapokutana na msuli, kama ilivyo kwenye miastenia gravisi (ugonjwa wa misuli kuchoka haraka), na apelekwe kwa daktari wa neva.