Kuwapeleka watoto Makavazi ya Kapenguria: tumwombe mwelekezi akazie nini?

Mama Wawili, Eldoret
Wanajukwaa, salamu. Likizo ya Agosti tunakusudia kuwapeleka watoto wetu, mmoja wa darasa la pili na mwenzake wa sekondari, pamoja na nyanya yao, kwenye Makavazi ya Kapenguria, yaliyofunguliwa mwaka 1993 katika jela walimozuiliwa Kapenguria Sita, yaani Jomo Kenyatta na wenzake watano walioshtakiwa na serikali ya kikoloni. Ningependa watembezwe na mwelekezi badala ya kusoma maandishi ya ukutani peke yao. Nahofia kwamba mdogo ataogopa seli, na kwamba mkubwa ataondoka akiwa amekariri majina sita tu, bila kuelewa walishtakiwa kwa kosa gani na kwa ushahidi gani. Mliokwisha kwenda na familia, mnashauri nini?

Mwalimu wa Makutano
Karibuni sana, mama. Wanafunzi ninaowapeleka huko hawaogopi seli. Wanachoshangaa ni udogo wake. Mdogo akichoka, nyanya anaweza kumpeleka kuona nyumba za kitamaduni za Wapokot, ambazo zimo humo humo. Wavalieni sweta, maana Kapenguria kuna baridi hata mchana.

Kabla ya kuingia seli, mwombeni mwelekezi aeleze kwa nini kesi ililetwa huku. Watu hawa walikamatwa usiku wa Oktoba 20, 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa, na serikali ya kikoloni ingeweza kuwashtaki Nairobi. Ilichagua mji usio na reli wala hoteli, katika eneo ambalo mgeni hakuruhusiwa kuingia bila kibali, kwa hiyo mawakili walilazimika kulala Kitale na kusafiri kila siku ya kesi. Hata hivyo D. N. Pritt alitoka Uingereza kuongoza utetezi, akaungana na Dudley Thompson wa Jamaika, H. O. Davies wa Nijeria, Chaman Lall wa India, na mawakili wa hapa Kenya akiwemo Fitz de Souza. Kijana wa sekondari akitajiwa nchi hizo ataona kwamba kesi iliyofichwa mlimani ilikuwa ikifuatiliwa na nusu ya dunia.

Msomaji wa Historia, Nairobi
Naongezea kuhusu ushahidi, kwa sababu hapo ndipo mama alipouliza swali zito zaidi. Shtaka lilikuwa kuongoza Mau Mau, chama kilichopigwa marufuku. Kesi ilisikilizwa na Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa ajili yake, na ambaye baadaye ilibainika kuwa alilipwa na serikali pauni 20,000. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alisema alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo cha Mau Mau. Aprili 8, 1953, wote sita, yaani Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba, walihukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Mwaka 1958 Macharia alikana ushahidi wake kwa kiapo, akasema aliahidiwa malipo ili aseme uongo, na serikali ile ile iliyomtumia ikamfunga kwa kukana huko. Mwelekezi asipoligusa jambo hili, kijana wako na alitaje mwenyewe mbele ya seli, kisha aulize hukumu ilisimama juu ya nini.

Mzee wa Kisumu
Nawashukuru walionitangulia, ila sikubaliani na ziara inayokomea uhuru wa 1963. Mwombeni mwelekezi aendelee, hasa kuhusu Oneko. Rufaa yake ilikubaliwa Januari 1954, na bado hakuachiliwa. Aliendelea kuzuiliwa kwa miaka mingi. Baada ya uhuru akawa waziri, akajiuzulu mwaka 1966 na kujiunga na chama cha Jaramogi Oginga Odinga. Mwaka 1969 akawekwa tena kizuizini bila kesi, hadi 1975, na serikali iliyomzuia iliongozwa na Kenyatta, aliyeshtakiwa pamoja naye Kapenguria. Najua wazazi wengi huona uzito kuwaeleza watoto habari hii. Mimi naona kijana anayeweza kusikia kuhusu Thacker anaweza kuisikia pia, na ni haki yake. Karumba naye alitoweka Uganda mwaka 1974, na familia yake haikupata kaburi la kumzika.

Mama Wawili, Eldoret
Asanteni nyote. Mdogo atakwenda na nyanya kwenye nyumba za Wapokot baada ya kuona seli moja, nasi tutabaki na mwelekezi. Mzee wangu, habari ya Oneko nitamweleza kijana kabla hatujaondoka nyumbani, ili swali hilo aliulize mwenyewe tukiwa kule.