Ushauri: Mama mkwe Mmeksiko kamaliza arobaini, haondoki

Mgeni_wa_Texas: Wakuu, habari za usiku. Niko San Antonio mwaka wa sita. Mke wangu kazaliwa hapa hapa, wazazi wake wametoka Monterrey, Meksiko. Tulipopata mtoto, mama mkwe alikuja kumlea mzazi siku 40, wenyewe huita *cuarentena*. Mtoto ana miezi mitano sasa, mama bado yupo. Kila Jumapili wanajaa wajomba, mashangazi, binamu na *compadre* wa baba mkwe (baba wa ubatizo wa mwanawe), watu ishirini sebuleni. Mtoto akikohoa, ukoo mzima unakaa kikao. Wazungu ninaofanya nao kazi wanashangaa. Kwao mtoto akitimiza miaka 18 anahama, na bibi hupiga simu kabla ya kuja. Nimwambieje mke wangu bila kumuumiza? Silali.

Binti_Kigamboni: Pole kaka. Mama mkwe wangu alikuja kwa wiki mbili, akakaa miaka mitatu. Alipofariki ndipo nikajua ni nani aliyekuwa akinichemshia maji alfajiri. Mpaka leo namlilia.

Mzee_Mstaafu: Vijana mkivuka maji mnasahau haraka. Wewe ulilelewa na nani kama si bibi yako? Heshimu wakwe.

Shangazi_Dallas: Mwanangu, wageni wa Jumapili hawamnyimi mtu usingizi. Kuna jambo hujasema. Umefanya nini?

Mgeni_wa_Texas: Sawa, shangazi. Nimekubali kazi Minneapolis, mbali kaskazini, na nimeshasaini mkataba wa nyumba, vyumba viwili. Naripoti tarehe 1. Mke wangu hajui. Lakini nimefanya kwa ajili yao! Mshahara ni mkubwa, na mtoto atamjua baba yake kabla ya kuwajua binamu thelathini. Kosa liko wapi?

Shangazi_Dallas: Nyumba ya vyumba viwili umeichagua makusudi, mama asipate pa kulala.

Mgeni_wa_Texas: Ndizo zilizokuwepo.

Mla_Urojo: Wakuu, hii chai. Arobaini, mkwe, ukoo sebuleni? Hadithi ya Tanga hii, imepelekwa Texas tu. Wameksiko na arobaini wapi na wapi?

Mgeni_wa_Texas: Nimekuja na shida yangu, unaniita mwongo?

Nesi_Houston: Si chai. Niko wodi ya wazazi, nayaona haya kila wiki. *Cuarenta* ni arobaini kwa Kihispania. Mzazi hanyanyui kizito, anafungwa tumbo kwa mkanda waitao *faja*, anapewa supu ya kuku, anakingwa baridi mpaka kichwani. Marehemu mama alinifanyia hivyo hivyo Pangani, ila supu yake ilikuwa na pilipili manga nyingi mpaka machozi yananitoka. Nikiwaona kina mama wale, namwona yeye. Na wewe mleta mada, jua kwamba hata wao wana methali: *el casado casa quiere*, aliyeoa anataka nyumba yake. Ungemwambia mkeo unataka nafasi, angekuelewa. Mkataba wa siri hatauelewa.

Mla_Urojo: Samahani mkuu, nimefuta neno langu. Unamwambia lini?

Mgeni_wa_Texas: Kalala. Mama mkwe yuko jikoni, kaona taa yangu. Kaniwekea bakuli la supu mezani, ananiuliza kwa nini niko macho saa nane usiku.

Shangazi_Dallas: Umemjibu nini?