Shank3: panya wenye nakala moja ya jeni hawaonyeshi tofauti yoyote

Mkia_Mrefu
Wakuu, panya wetu wa Shank3B (aina iliyoharibiwa jeni ya Shank3) wasio na nakala nzima hata moja wanajipangusa hadi manyoya yanatoka na ngozi inachubuka, sawasawa na ripoti ya 2011 kuhusu panya hawa. Ila wenye nakala moja hawatofautiani na wazima kwenye kipimo cha vyumba vitatu (panya anachagua kati ya chumba chenye panya mgeni na kisicho na mgeni). Mbona wagonjwa wa Phelan-McDermid (ugonjwa wa jeni hii kwa binadamu) wamepungukiwa nakala moja tu na dalili wanazo? Tuna panya 8 kila kundi.

Bomba_la_Maji
Panya mwenye nakala moja huonyesha dalili hafifu, hilo lilitarajiwa. Kwa tofauti ndogo hivyo, 8 hawatoshi, tena kama wanane hao wametoka kwa mama wawili basi hesabu mna wawili. Pandisha mwenye nakala moja kwa mwenye nakala moja, ulinganishe ndugu wa uzazi mmoja: robo hawatakuwa na nakala, nusu watakuwa na moja, robo wazima. Nasaba je? Panya wa maabara wa nasaba ya C57BL/6N wana kasoro ya jeni Crb1 inayoharibu retina, wa nasaba ya karibu, C57BL/6J, hawana. Ukizichanganya unapima macho.

Maranda
Mnahesabu nini hasa? Muda wa kukaa chumbani hudanganya: panya aliyejikunyata kwenye kona ya chumba cha mgeni anahesabiwa mchangamfu. Hesabu sekunde za kunusa kikapu cha mgeni.

Dakika 10 azoee boksi tupu, kisha 10 nyingine mgeni akiwa kwenye kikapu cha waya upande mmoja, kikapu kitupu upande wa pili. Mgeni awe wa jinsia na umri uleule, hawajawahi kukutana, na azoeshwe kikapu siku za kabla. Asiyezoeshwa hung'ata waya, na panya wako atamkwepa kwa woga tu. Badilisheni pande kila mnyama. Futa kwa ethanoli 70%, na ikauke kabisa!

Halafu pua: mnyime chakula usiku kucha, zika kipande cha biskuti ndani ya maranda. Asiyekipata huenda hasikii harufu, na hapo kipimo cha vyumba vitatu hakina maana kwake.

Bomba_la_Maji
Nyongeza: "wazima p chini ya 0.05, wengine juu" (p ni kipimo cha kama matokeo yangeweza kutokea kwa bahati tu) si tofauti kati ya makundi. Linganisha makundi yenyewe. Na msitegemee kipimo kimoja. Mwaka 2016 jeni hii iliporudishwa kwa panya wakubwa, kujipangusa kulipungua na kuchangamana kukaongezeka, lakini wasiwasi na kuyumba kwenye rodi inayozunguka vilibaki.

Mkia_Mrefu
Tulihesabu muda wa chumbani. Video zipo, zinahesabiwa upya na mtu asiyejua panya yupi ni yupi.