Skani ya mifupa, MRI au tuache vipimo? Mkono wa mdogo wangu unashukiwa CRPS

Mwanakilwa: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu alivunjika kifundo cha mkono akafungwa P.O.P (hogo), ilitolewa kama mwezi na nusu hivi uliopita, mfupa umeunga vizuri tu ila mkono umevimba, unawaka moto usiku kucha, mara mwekundu mara unaenda kwenye bluu, hata shuka likimgusa analia. Daktari wa mifupa anahisi CRPS (ule ugonjwa wa maumivu makali yasiyoisha kwenye mkono au mguu baada ya kuumia), anataka skani ya mifupa. Wa pili kasema MRI (picha ya sumaku). Fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) yeye anasema achaneni na vipimo nileteeni mgonjwa. Hela ni ya kipimo kimoja tu, nyie mngeanza na kipi?

picha_na_mionzi: Kazi yangu ndo hiyo. Hakikisha fomu imeandikwa skani ya awamu tatu, sio ile ya kawaida wanayopigwa wagonjwa wa kansa. Anachomwa dawa ya teknesiamu (yenye mionzi, ndo kamera inaiona) kwenye mkono MZIMA, picha zinapigwa dawa ikiwa inapita, tena baada ya dakika chache, halafu mnaenda kunywa chai mnarudi baada ya masaa kama matatu. Hiyo ya mwisho ndo ya kuangalia. Kwenye picha CRPS inawaka kuzunguka viungo vyote, kifundo mpaka vidole, wakati mvunjiko peke yake unawaka palepale ulipo. Miezi mitano sita ya mwanzo inaonyesha vizuri, ukichelewa inafifia hata kama maumivu bado yapo. Kwa hiyo kama mnafanya fanyeni sasa.

Mwanakilwa: Na eksirei je? Ni rahisi.

picha_na_mionzi: Eksirei inachelewa sana, mpaka mfupa upoteze madini mengi ndo uone madoadoa. Daktari Sudeck aliyaona Ujerumani mwaka 1900 na mpaka leo wazee wa kazi wanauita ugonjwa huu kwa jina lake, lakini kwa mgonjwa wa miezi miwili mitatu inaweza kutoka safi kabisa.

daktari_wa_kata: Mkuu hapo juu yuko sawa ila CRPS haithibitishwi kwa picha. Kuna vigezo vya Budapest vya kuutambua, wataalamu walikutana huko 2003. Maumivu yawe makubwa kuliko jeraha lenyewe, mgonjwa awe na malalamiko kwenye makundi matatu kati ya manne, na daktari aone mwenyewe dalili kwenye angalau mawili: hisia (kuguswa kidogo kunauma), joto na rangi ya ngozi, uvimbe na jasho, na mwisho mkono kukaza, kutetemeka, kucha na nywele kubadilika. Halafu pasiwe na ugonjwa mwingine unaoeleza hayo vizuri zaidi. Skani haimo humo. MRI mimi naomba nikihofia kitu kingine, mfano maambukizi ya mfupa au kano iliyochanika, maana maji kwenye uboho inayoyaonyesha hata mkono uliokaa kwenye hogo muda mrefu unaweza kuwa nayo.

mama_Tausi: Dokta nakuelewa ila wewe hujawahi kuambiwa unaigiza. Mimi mguu, kazini walisema natafuta likizo, daktari wa bima akaniminya akasema hamna kitu, skani ilipotoka mguu mzima unang'aa kuanzia kifundo mpaka vidole ndo wakanyamaza na fizio ikalipiwa. Kwangu ile karatasi ilifanya kazi ambayo machozi yangu hayakufanya.

Babu_Kigoda: Na ingetoka safi dada? Ya kwangu ilitoka safi, nilishachelewa zaidi ya mwaka, jamaa akanitupia ripoti mezani akasema nenda kaonane na wa saikolojia. Mkono umekaza mpaka leo siwezi kufunga kifungo cha shati. Hiyo ndo hatari yake, ikionyesha inasaidia, isipoonyesha watu wanaichukulia kama hukumu wakati haiondoi CRPS.

daktari_wa_kata: Kabisa mzee wangu, pole. Ndo maana nasema dalili kwanza.

jirani_wa_Kisumu: Hata huku Kenya hizo kamera ziko chache, mimi nilipanda basi hadi Nairobi. Na ile dawa hutolewa kwa jenereta (si ya stima, ni chombo cha kuzalisha hiyo dawa) inayoletwa kutoka nje na nguvu yake hupungua kila siku, kwa hivyo pigeni simu kwanza mjue wiki hiyo iko, msisafiri bure. Mimi ningelipa fizio leo, skani ikipatikana sawa, isipopatikana mkono usingoje.

Mwanakilwa: Nimewapata. Jumatatu tunaanza fizio, na namrudia yule wa mifupa nimuulize hivyo vigezo vya Budapest, akiona bado kuna wasiwasi ndo tufanye skani kabla miezi haijapita. MRI tunaiacha. Swali la mwisho, bado ananyonyesha, hiyo dawa vipi?

picha_na_mionzi: Awaambie KABLA hajachomwa, hilo wala asisubiri kuulizwa. Watampa maelekezo yao, wengine watamwambia akamue maziwa mapema ayaweke. Nguvu ya dawa inapungua nusu kila masaa 6, kesho yake imebaki kidogo sana. Anywe maji mengi akojoe mara kwa mara, na siku hiyo mtoto abebwe na shangazi akishamaliza kunyonya.